Jinsi ya Kuanzisha Jumuiya ya Walimu ya Kujifunza Shuleni, na Kuifanya Idumu Muhula Mzima

Ujumbe ninaoupata kutoka kwa walimu wa Nairobi hufanana sana. "Mwalimu, tulianza tukiwa 14. Wiki ya nne tukabaki wawili, mimi na mwenzangu, tunakunywa chai." Ujumbe huo umetoka Umoja, Kawangware, Pipeline, South B, shule za umma na za binafsi. Nia ilikuwepo, na bado kikundi kikafa.

Nimeketi na vikundi kadhaa vya namna hiyo baada ya kuvunjika. Karibu vyote vilikuwa na kasoro moja: walimu walikutana kuzungumza kuhusu ufundishaji bila kazi ya mtoto hata mmoja kuwa mezani. Mazungumzo yakageuka malalamiko kuhusu wazazi, mtaala na mishahara. Hayo ni malalamiko ya haki, lakini hayamfikishi mtu kwenye mkutano wa wiki ijayo.

Ninaposema jumuiya ya kujifunza, ninamaanisha walimu wachache wanaokutana kila wiki, wanachagua tatizo moja la wanafunzi wao, wanalichunguza kwenye madaftari, wanajaribu njia nyingine darasani, kisha wanarudi kuangalia kama mtoto ameelewa. Mkutano wa walimu wote una kazi yake, na semina ya likizo ina yake. Hii ni kazi ya tatu.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Walimu 4 hadi 6. Wakizidi hapo, wawili watakuwa watazamaji.
- Dakika 50 kwa wiki, siku ile ile, saa ile ile.
- Chumba chenye mlango unaofungika. Chumba cha walimu hakifai, kwa sababu mtu ataingia kutafuta chaki na mazungumzo yatakatika.
- Daftari moja lenye jalada gumu, la kikundi kizima.
- Madaftari 12 ya wanafunzi, yaliyochaguliwa kama nitakavyoeleza.
- Simu moja ya kupimia muda. Nyingine zote ziwe mkobani.
- Chai. Usiidharau. Mwalimu aliyefundisha vipindi sita mfululizo hawezi kufikiri akiwa na njaa.

Huhitaji projekta wala bajeti, na huhitaji mgeni wa kuja kuwafundisha.

Hatua ya 1: Mwone mwalimu mkuu, na uombe mambo mawili tu

Nenda kabla hujamwambia mtu mwingine yeyote. Mwalimu mkuu akisikia habari zako kupitia wengine atadhani ni kundi la upinzani, na hapo umeanza vibaya.

Ombi la kwanza ni muda ndani ya ratiba. Ukipanga mkutano saa kumi na moja jioni, umeshindwa. Mwalimu anayefundisha Kayole na kulala Rongai anajua nauli itakavyopanda mvua ikianza, na anajua foleni ya Jogoo Road. Macho yake yatakuwa mlangoni. Omba muda wa kati ya siku, au nusu saa ya mwisho ya masomo ikiunganishwa na dakika 20 za baadaye. Epuka Jumatatu na Ijumaa, kwa sababu gwaride huvuta muda na Ijumaa watu wameshachoka. Jumanne au Jumatano hudumu zaidi.

Ombi la pili ni zito kuliko la kwanza: kinachosemwa kikundini kisiingie katika tathmini ya mwalimu. Kila mwalimu aliye chini ya Tume ya Huduma za Walimu, TSC, anajua fomu za TPAD, zile za kutathmini kazi ya mwalimu, na jinsi anavyotazamwa akifundisha ili apewe alama. Utaratibu huo una nafasi yake. Lakini mtu hawezi kukiri kwamba darasa lake halikuelewa sehemu, halafu kauli hiyo imrudie ikiwa alama. Mwambie mwalimu mkuu waziwazi, kwa adabu, kwamba unaomba neno lake.

Ikiwezekana, asije mikutanoni katika mwezi wa kwanza. Najua ombi hili ni gumu kwa mtu anayekuongoza. Mweleze kwamba kila baada ya wiki sita utampelekea ukurasa mmoja wa matokeo, bila jina la mwalimu.

Utajua umefaulu hapa ukiona kipindi chenu kimeandikwa kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani. Ahadi ya mdomo itamezwa na michezo, tamasha za muziki au mtihani wa wadi kabla ya wiki ya tatu.

Hatua ya 2: Chagua watu, usitangaze

Ukitangaza mbele ya walimu wote, watakuja 14 kwa heshima na 10 watapotea kwa heshima. Mwendee mtu mmoja mmoja.

Chagua wanaofundisha gredi moja, au somo moja katika gredi zinazofuatana. Mwalimu wa Sanaa wa Gredi ya 8 na wa Hisabati wa Gredi ya 2 wanaweza kuwa marafiki wakubwa, lakini daftari la mmoja halimsaidii mwingine.

Ndani ya hao, hakikisha yumo mmoja mwenye shaka. Yule anayesema, "Haya mambo tumeyaona, yatapita." Akishawishika, wengine watamfuata. Akikataa, atakuonyesha udhaifu wa mpango wako mapema.

Usiwaache nje walimu walioajiriwa na bodi ya shule na walimu wanagenzi. Katika shule nyingi za Nairobi wao ndio wanaobeba vipindi vingi, na ndio wanaotengwa mambo ya maana yanapojadiliwa.

Kuna pengo jingine ambalo kikundi hiki kinaweza kuliziba. Tangu 2023 shule za msingi za umma zimekuwa zikikaa pamoja na sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, katika uwanja mmoja, na mahali pengine walimu wa pande hizo mbili hata salamu ni za shingo upande. Mtoto anatoka Gredi ya 6 kwenda ya 7 kwa kuvuka uwanja tu, na hakuna anayemweleza mwenzake mtoto huyo alikwamia wapi. Kikundi cha walimu wawili wa Gredi ya 6 na wawili wa Gredi ya 7, wote wa somo moja, ni miongoni mwa vinavyofanya kazi kubwa kabisa niliyoiona.

Hatua ya 3: Kubalianeni kanuni nne, dakika 20

Ziandikeni ukurasa wa kwanza wa daftari la kikundi, kila mmoja atie sahihi.

1. Tunazungumzia kazi ya mtoto, hatumzungumzii mwalimu wake.
2. Kinachosemwa humu hakitoki humu.
3. Kila mtu atakuwa na zamu ya kuleta madaftari. Hakuna wa kusamehewa, hata mwenye miaka 25 kazini.
4. Tunaanza saa yetu hata tukiwa wawili, na tunamaliza saa yetu hata kama mazungumzo ni matamu.

Kanuni ya tatu nimeitoa kwenye chama. Tazameni chama cha kuzungushiana pesa hapo hapo shuleni kwenu: hakikosi mkutano, wala hakuna anayesahau mchango. Hudumu kwa sababu kila mtu anajua zamu yake ni lini na atapata nini. Fanyeni vivyo hivyo kwa madaftari. Andikeni majina na tarehe za wiki sita zote siku ya kwanza.

Onyo moja kuhusu WhatsApp. Mtafungua kundi, na ni sawa kwa kukumbushana saa. Lakini picha ya daftari isiingie humo ikiwa na jina la mtoto. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na hata kama isingekuwepo, mtoto hastahili kosa lake kuzunguka kwenye simu za watu. Funika jina kwa karatasi kabla ya kupiga picha, na mezani mwiteni Mtoto A, Mtoto B.

Hatua ya 4: Punguza swali mpaka litoshe kwenye sentensi moja

Vikundi vingi huanza na "tuboreshe matokeo ya Hisabati." Hilo ni tamanio. Swali la kikundi lazima liwe dogo kiasi kwamba mnaweza kuliona kwenye ukurasa mmoja wa daftari.

Lipunguzeni kwa kuulizana mara tatu, "Wapi hasa?" Hisabati, wapi hasa? Kutoa. Kutoa, wapi hasa? Namba za tarakimu tatu. Wapi hasa? Panapokuwa na sufuri katikati. Hapo mmefika: *Kwa nini watoto wetu wa Gredi ya 4 wanakosea kutoa namba yenye sufuri katikati?*

Katika Kiswahili, "watoto hawajui insha" ni bahari. "Watoto wanaandika insha nzima bila aya" ni swali la kushikika.

Ukiona mmechagua swali ambalo jawabu lake liko kwa wazazi au kwa Wizara, rudini nyuma. Chagueni linaloweza kuguswa na mtu aliyeshika chaki.

Hatua ya 5: Wekeni madaftari mezani

Hapa ndipo jumuiya huzaliwa au hufa, kwa hivyo nitakaa hapa kidogo.

Mwenye zamu awape watoto swali lile lile siku moja kabla, kisha achague madaftari 12: manne ya wanaoelewa, manne ya wastani, manne ya wanaohangaika. Usilete mazuri tu ili upendeze, wala mabaya tu ili uhurumiwe.

Muda ugawanywe hivi. Dakika 5, mwenye zamu anaeleza alichowapa watoto. Dakika 10, kila mtu anasoma kimya. Dakika 15, mnasema mnachokiona tu: "Huyu ameandika hivi," bila "kwa sababu." Dakika 15, sasa mnatafuta sababu. Dakika 5, mnaamua cha kufanya.

Zile dakika 10 za kimya zitawatesa. Walimu tumezoea kusema. Lakini bila kimya hicho, anayeongea kwanza ndiye atakayefikiri kwa niaba ya wengine wote.

Wacha nieleze niliyoyaona kwenye kikundi kimoja cha Eastlands. Swali lilikuwa 503 kutoa 178. Jibu ni 325. Mwalimu mwenye zamu alikuwa ameshasahihisha, alama nyekundu za kukosea zimetapakaa. "Hawakusikiliza," akasema. "Nimefundisha hili wiki mbili."

Tukakaa kimya. Dakika ya saba hivi, mwenzake akavuta madaftari mawili akayaweka pamoja. Moja lilikuwa na jibu 475. Lingine 235.

Yatazameni kwa makini. Aliyepata 475 ametoa tarakimu ndogo kwenye kubwa kila mahali, bila kujali ipi iko juu: 8 kutoa 3 ni 5, 7 kutoa 0 ni 7, 5 kutoa 1 ni 4. Hajui kukopa kabisa, au anaogopa kukopa, akageuza namba ili apate njia. Aliyepata 235 anajua kukopa. Alipokosa makumi aliruka sufuri, akakopa kwenye mamia akapata 13, 13 kutoa 8 ni 5. Akakopa tena kwenye mamia kwa ajili ya makumi, 10 kutoa 7 ni 3. Mamia yakabaki 3, kutoa 1, ni 2. Mkono wake umejifunza hatua, lakini hajui kwamba mia moja ni makumi kumi.

Watoto wawili, maradhi mawili tofauti, na wote walikuwa wamepata alama ile ile nyekundu. Ukirudia somo lile lile kwa wote, humtibu hata mmoja.

Kesho yake mwalimu yule alimwita mtoto wa 475 na kumuuliza kwa upole, "Hapa ulifanyaje?" Mtoto akajibu, "Sufuri haina kitu, mwalimu. Kwa hivyo nikageuza." Alikuwa na sababu. Watoto karibu wote wana sababu, na sababu hiyo ndiyo mnayoitafuta mezani.

Mmefaulu katika hatua hii siku mtakayoacha kusema "hawakusikiliza" na kuanza kusema "alifikiri hivi."

Hatua ya 6: Pangeni somo moja pamoja

Sasa mnajua tatizo. Tengenezeni andalio la somo moja, la kipindi kimoja, kwa pamoja. Kipindi cha Gredi ya 4 ni dakika 35, kwa hivyo chagueni jambo moja.

Kwa mfano wetu, walimu walichukua vijiti: mafungu matano ya mia mia yaliyofungwa kwa mipira, na vijiti vitatu vya peke yake. Mahali pa makumi pakaachwa wazi mezani, ili sufuri ionekane kama nafasi tupu. Mtoto anaombwa atoe vijiti 8. Hana. Anatazama makumi, hakuna. Lazima afungue fungu la mia, apate mafungu kumi ya kumi kumi, kisha afungue moja la kumi. Mezani kunabaki mamia 4, makumi 9, mamoja 13. Anapoziona zile tisa kwa macho yake, kule kukopa kunakoandikwa daftarini kunapata maana.

Vijiti 500 kwa kila kundi ni vingi. Walitayarisha seti moja kubwa ya kuonyesha, na makundi yakatumia vipande vya katoni: kikubwa ni mia, cha kati ni kumi, kifuniko cha soda ni moja, na mtoto anabadilisha kama anayevunja noti dukani.

Mmoja afundishe. Wengine wawili wakae ndani ya darasa, kila mmoja akiwatazama watoto watatu aliopangiwa. Watazame watoto, wasimtazame mwalimu. Waandike mtoto alichosema, alichokifuta, na mahali alipokwama. Wasimsaidie. Hili la mwisho ni gumu, kwa sababu mkono wa mwalimu huenda wenyewe.

Utaratibu huu wa kupanga na kutazama somo pamoja uliota mizizi Japani, na walimu wengi wa Hisabati na Sayansi nchini waliukaribia kupitia SMASSE, mafunzo ya kuimarisha ufundishaji wa Hisabati na Sayansi katika sekondari yaliyoanza 1998, yale ya panga, tenda, tazama, boresha. Kama shuleni kwenu kuna mwalimu aliyepitia mafunzo hayo CEMASTEA, kituo cha kuwafunza walimu wa Hisabati na Sayansi kule Karen, mkaribisheni. Ataelewa haraka.

Swali ninaloulizwa kila mara: madarasa ya hao watazamaji yatabaki na nani? Kwa darasa la watoto 70, hili si swali dogo. Shule nyingi hulimaliza kwa kubadilishana: mtazamaji achague siku ambayo kipindi chake kinafuatana na kipindi kisicho na darasa, na mwenzake asiye kikundini amshikie darasa kwa dakika 35, deni lilipwe wiki hiyo hiyo. Msipopata watazamaji wawili, mmoja anatosha. Msimwache mtoto yeyote bila mwalimu ili ninyi mjifunze.

Hatua ya 7: Rudini kwa watoto wale wale

Baada ya siku tatu au nne, wapeni maswali mapya matatu ya aina ile ile: 604 kutoa 237, 802 kutoa 456, 700 kutoa 268. Majibu ni 367, 346 na 432. Msiwape siku ile ile ya somo, kwa maana mtoto anaweza kukumbuka hadi kengele ilie tu.

Hesabuni kwa uaminifu. Wangapi wamepata yote? Wangapi wamehama kutoka kosa moja kwenda lingine? Kuhama huko ni habari njema: aliyekuwa akigeuza namba na sasa anaruka sufuri amepiga hatua.

Andikeni ukurasa mmoja: swali, tulichokiona, tulichojaribu, kilichobadilika, ambacho hakikubadilika. Huo ndio ukurasa wa mwalimu mkuu.

Mzunguko mzima ni wiki sita hivi. Muhula wa kwanza na wa pili unaweza kubeba mizunguko miwili. Wa tatu ni mfupi na una mitihani ya kitaifa, kwa hivyo pangeni mmoja, uanze wiki ya kwanza kabisa.

Mambo yanayoua kikundi, na la kufanya

*Mmoja anaongea kuliko wote.* Huwa ni mwalimu mkongwe, na mara nyingi ana ya kusema kweli. Mpeni kazi ya kuandika kwenye daftari la kikundi. Mwenye kalamu husikiliza.

*Hakuna anayeleta madaftari mabaya.* Mwanzilishi alete yake kwanza, darasa lake likiwa limefeli wazi. Mimi nililichelewesha hili. Katika shule moja niliyofundisha zamani, niliongoza kikundi wiki tatu nikileta kazi nzuri za wanafunzi wangu, nikidhani ninawapa wenzangu mfano. Nilikuwa ninawatisha. Wiki ya nne hawakuja, na bado inaniuma, kwa sababu mmoja wao alikuwa mwalimu mgeni aliyehitaji msaada huo kuliko sisi sote.

*Mtu anahamishwa.* Uhamisho haukwepeki. Ndiyo maana daftari ni la kikundi na hukaa shuleni. Mgeni akija, aanze kwa kusoma kurasa zote, kisha apewe zamu katika wiki yake ya pili.

*Walimu wengine wanataka kujiunga.* Msipanue. Wasaidieni kuanzisha chao, na mmoja wenu akakae nao mikutano mitatu ya kwanza.

*Shule inafunga.* Siku ya mwisho kutaneni kwa nusu saa. Chagueni swali la kwanza la muhula ujao, andikeni kwenye ukurasa mpya pamoja na jina la mwenye zamu na tarehe, kisha daftari liingie kwenye kabati la naibu wa mwalimu mkuu. Shule ikifunguliwa, mwenye zamu anakwenda kulichukua Jumatatu asubuhi, na Jumanne madaftari 12 yako mezani.